Gugumaji Halianzi Pale Linapoonekana: Mwongozo kwa Vikundi vya Kawangware na Kibera

Kabla hujaita vijana na kabla hujakodi mkokoteni, shuka majini ung'oe gugumaji moja tu. Lishike shingoni, kwenye lile fundo ambamo majani yote hutokea, ulivute na mizizi yake. Mizizi ni myeusi yenye kuelekea zambarau, imejaa vinyweleo kama unyoya wa kuku, na itakuchuruzikia tope mpaka kwenye kiwiko. Sasa liangalie. Majani yakiwa marefu na ya kijani kizito huku mizizi ni mifupi, ujue maji hayo yana chakula tele: choo, mkojo, sabuni ya kufulia, mabaki ya jikoni. Mmea umeshiba, hauna sababu ya kutafuta. Majani yakiwa madogo na ya manjano, na mizizi mirefu, basi maji ni maskini na kazi yako itakuwa nyepesi. Katika maji ya upande huu wa Nairobi, tarajia lile la kwanza.

Ukishalisoma hivyo, umejua tayari kazi ilivyo. Gugumaji linaloshiba huweza kuongeza eneo lake maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Halihitaji hata mbegu: hutoa kikonyo pembeni, kikonyo kikazaa mche mwingine, mche ukatoa kikonyo chake. Kikundi kikija mara moja kwa mwaka, kikapiga picha kikaenda, kimelipunguzia msongamano tu. Likirudi linarudi na nguvu mpya kwa sababu limepewa nafasi na mwanga.

Tuanze basi na ramani, kwa kuwa watu wengi wa Kawangware hudhani hili ni tatizo la Kibera na Lang'ata. Vijito vya Kawangware vinavyopita Gatina na Kabiro vina mteremko na vinakimbia. Gugumaji halipati pa kutulia ila pale maji yanaposimama, nyuma ya kalvati iliyoziba au kwenye shimo lililochimbwa mawe likajaa mvua. Sehemu kubwa ya maji ya Kawangware huelekea Mto Nairobi. Upande wa pili, Mto Motoine hutoka maeneo ya Dagoretti, hupita Msitu wa Ngong Road, huambaa na Kibera na kuingia Nairobi Dam, kisha hutokea chini ya bwawa ukiitwa Mto Ngong, ukapita Mukuru na Industrial Area. Mito hiyo miwili hukutana mashariki ya jiji, huingia Athi, na maji yake hatimaye hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi yakiitwa Sabaki. Maana yake ni kwamba anayemwaga Kawangware na anayemwaga Kibera wanalisha meza moja, hata kama hawaonani.

Nairobi Dam ndiyo inayostahili kutazamwa na kila kikundi kabla ya kuanza. Ilijengwa mwaka 1953 iwe akiba ya maji ya kunywa ya jiji, ikiwa na uso wa takriban hekta 35. Ilikuwa na klabu ya mashua za tanga, na watu walienda kuvua na kupunga upepo. Mtaa wa Kibera ukakua upande wake wa juu bila mabomba ya maji taka, tope likashuka na kila mvua, na gugumaji likafunika. Sehemu kubwa leo ni ardhi ya matope unayoweza kudhani ni shamba, na kweli zipo sehemu watu hulima. Bwawa hili limesafishwa zaidi ya mara moja. Piga hesabu uone kwa nini halisafishiki kwa mikono mitupu: mkeka mzito wa gugumaji huweza kufika tani 300 kwa hekta. Kwa hekta 35 hizo ni tani zaidi ya elfu kumi, na lori la tani saba lingehitaji safari 1,500. Wakati safari hizo zinaendelea, kile kilichobaki kinazaa.

Kwa hiyo usichague bwawa. Chagua mahali padogo unapoweza kupamaliza na kupalinda: nyuma ya kalvati moja, kona moja ya kijito, kidimbwi kimoja. Kwa hesabu ileile, mita kumi za mraba, yaani ukubwa wa chumba cha ploti, hutoa kama kilo 300, ambazo ni mkokoteni uliojaa pomoni. Ukijua una mikokoteni miwili na watu kumi na wawili, unajua pia ni eneo gani utakalolimaliza kabla ya jua kuwa kali.

Msimu unaofaa ni Januari na Februari, maji yakiwa chini na kabla ya mvua ya masika. Nafasi ya pili ni Agosti na Septemba, kabla ya mvua za vuli. Mvua ikishaanza, mikeka hung'oka yenyewe, husafiri na chupa na mifuko ya plastiki, na huenda kukwama kwenye daraja la kwanza jembamba. Waliokuwa Nairobi wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 wanajua maji yakikosa njia yanaingia wapi.

Kisha karatasi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 42, inakataza mtu kuchimba, kujaza, kukausha au kuvuruga mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji nayo ina sauti yake juu ya mkondo wowote. Mwaka 2022 iliundwa pia Tume ya Mito ya Nairobi. Hata kwa kazi ya mikono, nenda kwa chifu na ofisi ya wadi mpate barua, mwandike ni wapi, lini na mtafanya nini. Mtu akijitolea kuleta tingatinga, mwambie asubiri idhini ya maandishi, hata kama ni mheshimiwa na amekuja na kamera. Tingatinga hukwangua ukingo pamoja na matete yanayoushikilia, na mvua inayofuata hubeba udongo huo wote.

Hapo napo kuna kosa linalofanywa na watu wenye nia njema: kung'oa kila cha kijani. Matete na mafunjo si adui. Mizizi yake hushika ukingo na hupunguza kasi ya uchafu unaoingia. Nduma hupandwa na watu, na ina mwenyewe. Majani yake yana umbo la moyo na imejikita kwenye udongo. Gugumaji halijikiti, linaelea. Kikonyo cha jani lake huwa kimevimba katikati, ukikiminya kinabonyea, ukikipasua ndani ni sponji lililojaa hewa. Ua lake ni la zambarau hafifu, na petali ya juu ina doa la manjano. Ni zuri, na uzuri huo ndio ulioliondoa kwao Amerika ya Kusini na kulisambaza duniani kwenye vidimbwi vya bustani. Ukiona ua, anza na hilo, ulikate ulitie kwenye gunia peke yake kabla halijatoa mbegu. Mbegu zikishazama kwenye tope huweza kukaa miaka kumi na zaidi zikisubiri mwanga.

Sasa habari ya dawa. Kwenye maduka ya agroveti utauziwa dawa ya magugu yenye glaifoseti bila maswali mengi, na kwa bei utaona ni nafuu kuliko kulipa vijana kumi na wawili chai na chapati. Usinunue. Kwanza, dawa yoyote lazima iwe imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu kwa matumizi hasa unayokusudia, na kunyunyizia mahindi si sawa na kunyunyizia maji. Pili, chini yako kuna mtu anayenyunyizia sukuma wiki kwa maji hayohayo. Tatu, na hili ndilo kubwa, gugumaji likifia majini halipotei. Linazama, linaoza, na kuoza kwake kunakula oksijeni iliyobaki. Samaki na viluwiluwi hufa, harufu ya mayai viza hupanda mpaka mlangoni, na mbolea yote iliyokuwa ndani ya mmea hurudi majini.

Afrika Kusini ililipia somo hili. Kwenye bwawa la Hartbeespoort, karibu na Pretoria, gugumaji liliuawa kwa dawa iliyomwagwa kutoka angani mwishoni mwa miaka ya 1970. Lilikufa kweli. Nafasi yake ikashikwa na mwani wa kijani-buluu wenye sumu, kwa kuwa maji taka yaliyokuwa yakililisha gugumaji yaliendelea kuingia na sasa jua lilifika chini. Miaka mingi baadaye gugumaji lilikuwapo tena.

Kukatakata kuna kasoro ileile. Kwenye Ghuba ya Winam, Kisumu, ambako kufikia 1998 gugumaji lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000, zililetwa mashine zilizolisaga na kuacha vipande vizame ziwani. Wavuvi na wanasayansi walilalamika, na walikuwa na haki. Usipige panga gugumaji likiwa majini. Kila kipande chenye shingo na kikonyo ni mche mpya, na kisichoota kinaoza. Litoe zima.

Kilichosaidia zaidi Winam ni mdudu. Kuanzia 1997, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, iliyoitwa KARI wakati huo, iliachilia aina mbili za fukusi wadogo wa jamii ya Neochetina waliotoka kule kwao gugumaji. Wana urefu wa milimita tano hivi. Wakubwa hukwangua majani. Mabuu wao hutoboa kikonyo hadi kwenye shingo, maji huingia, mmea hulegea na kuzama polepole. Ndani ya miaka mitatu gugumaji lilikuwa limepungua sana. Wataalamu bado wanabishana ni sifa ya fukusi kiasi gani na ni ya mvua na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998 kiasi gani, na ukweli ni kwamba lilirudi kwa nguvu baada ya mvua za 2006. Kwa Nairobi usiweke matumaini makubwa mno: tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, baridi ya Julai humpunguza kasi mdudu huyu, na maji machafu hulipa gugumaji nguvu ya kuota kuliko anavyoweza kula. Lakini ukiona majani yana vidoa vidogo vya mkwaruzo, vyeupe au kahawia, ukubwa wa punje ya mtama, huyo yupo tayari. Acha kipande kimoja cha mkeka bila kuguswa, kando, ili abaki na makao.

Kuna sababu nyingine ya kutong'oa vyote kwa siku moja. Mkeka ukiondolewa wote ghafla kwenye maji yaliyosimama, jua huingia na mwani hulipuka, yaani Hartbeespoort ndogo hapo mtaani. Fanya kwa awamu, theluthi kwa theluthi, ukianzia upande wa chini wa mkondo pale maji yanapotokea, ili yaanze kusogea. Maji yanayosogea ndiyo yanayopunguza mbu pia. Watu hulilaumu gugumaji kwa mbu, na ni kweli huwapa kivuli na utulivu, lakini dimbwi tupu lililosimama halina tofauti kubwa kwa mbu.

Siku ya kazi, kila anayeingia avae gambuti na glavu nene za mpira, si zile nyembamba za hospitali. Ndani ya mizizi hukaa wembe, sindano, vipande vya chupa, na vitu ambavyo heri nisivitaje. Mwenye kidonda asiingie. Ulizeni nani amechanjwa pepopunda. Konokono wanaobeba kichocho hupenda kushikilia mizizi ya mimea ya aina hii, kwa hiyo miguu mitupu haikubaliki hata kwa yule anayesema amezaliwa hapa na hajawahi kuugua. Na mtu asikanyage mkeka. Kwa juu unaonekana unabeba, na mtoto hata huweza kutembea juu yake hatua mbili tatu. Chini kuna maji na tope laini lisilo na mwisho unaoujua. Fanyeni kazi mkiwa ukingoni au juu ya ubao mpana, wawili wawili, mmoja akiwa ameshika kamba. Kifaa kizuri ni reki ya chuma iliyofungwa kwenye mti mrefu: unaitupa mbele ya mkeka, unaizamisha kidogo, unavuta. Kwa mikeka mikubwa, kamba yenye mitungi mitupu ya lita ishirini iliyofungwa kila baada ya mita moja huzungushwa nyuma ya mkeka, watu wanne wakavuta kutoka pande mbili. Kamba hiyohiyo mnaweza kuiacha ikikinga mkondo, izuie mimea na chupa zinazoshuka, mradi kuna mtu wa kuisafisha. Kizuizi kisichosafishwa kinakuwa bwawa la uchafu, na mvua ikija maji yatapanda kwa majirani zako.

Wekeni ndoo ya maji safi, sabuni na dawa ya vidonda mahali panapoonekana. Hakuna kula mandazi kabla ya kunawa, hata kama mama aliyeyaleta anayapoza kwa upendo.

Gugumaji ni maji kwa kiasi cha asilimia 90 na zaidi. Ukilibeba bichi unabeba maji kwa pesa. Litandaze juu kwenye mteremko, mbali na mkondo, mizizi ikiangalia jua, kwa sababu likilala kwenye tope lenye unyevu huendelea kuishi kwa wiki kadhaa. Maji yanayochuruzika yasirudi mtoni moja kwa moja. Yaelekezeni kwenye udongo wenye nyasi. Siku nne tano za jua la Februari hupunguza mzigo mno. Ondoeni plastiki wakati huu, likiwa limelala, si baadaye kwenye lundo.

Hapo ndipo kila mtu hupata wazo la biashara. Kisumu hufuma viti na vikapu kwa vikonyo vilivyokaushwa, na huko ufukweni Dunga wamejaribu kupikia gesi yake. Haya yanawezekana. Lakini gugumaji la Nairobi lina historia nyingine: mmea huu hufyonza metali nzito kama risasi, kadmiamu na kromiamu, na kuzihifadhi zaidi kwenye mizizi. Maji yanayopita karakana, machinjio na vituo vya kuosha magari si maji ya ziwa. Kwa hiyo usiwape nguruwe wala mbuzi, hata kama wanalikimbilia. Ukitengeneza mboji, kata mizizi uitenge iende na taka, changanya majani makavu na mabaki ya soko la Kawangware na vumbi la mbao kutoka kwa mafundi wa fanicha wa Ngong Road, geuza lundo kila wiki mpaka lipate joto la kuua mbegu. Kisha mboji hiyo iende kwenye miche ya miti na maua. Isiende kwenye sukuma, isiende kwenye nduma. Anayekuambia ni mbolea asilia na kwa hivyo ni salama hajui yalikotoka maji.

Na sasa kazi ambayo haina picha nzuri. Tembea kando ya kijito ukipanda juu, asubuhi na mapema, ukiwa na daftari. Andika kila bomba linalomwaga, kila choo kilichojengwa ukutani mwa mto, kila shimo la taka. Utakuta ploti ambazo mfereji wake wa bafu na choo unaishia mtoni ilhali bomba la maji taka linapita mita chache upande wa pili. Hapo zungumza na mwenye ploti kuhusu kuunganisha, na mwende mkiwa wapangaji wengi, si wewe peke yako. Utakuta vijana wa kupakua vyoo wanaomwaga mapipa usiku. Usianze na polisi; ukianza nao, watahamia kijito kingine tu. Uliza wanalipwa kiasi gani kwa pipa, na ni umbali gani hadi mahali panaporuhusiwa kumwaga kwenye mfumo wa maji taka. Mara nyingi tatizo ni gharama ya mkokoteni ya mita mia chache, na wapangaji wa ploti nne wanaweza kuichanga.

Kibera kuna mfano unaostahili safari ya kutembelea: vituo vya gesi vya Umande Trust, ambamo choo cha umma kinakaa juu ya tangi linalogeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia. Hakuna anayekiita kituo hicho mradi wa gugumaji, lakini kila siku kinazuia chakula kingi kisifike majini, na kwa maoni yangu kimefanya zaidi ya mashine nyingi zilizoletwa na kurudishwa.

Kwa kaya, yapo yanayowezekana leo. Mafuta na mabaki ya ugali yakwanguliwe kwenye taka kabla sufuria haijaoshwa. Maji ya kufulia yamwagwe kwenye mfereji uliounganishwa, si ukingoni. Mama fua akiambiwa kwa heshima, na akionyeshwa mfereji ulipo, hubadilika haraka kuliko mwenye ploti.

Baada ya kung'oa, tope lililofunuliwa litachipuza mbegu za zamani ndani ya wiki chache. Vichipukizi vyenyewe ni vidogo, majani mawili matatu membamba, na mtoto mwenye kijiti huvitoa kwa dakika. Miezi miwili baadaye hiyo ni kazi ya mikokoteni tena. Kwa hiyo katika bajeti ya kikundi, kabla ya fulana, kabla ya bango, wekeni malipo ya mtu mmoja mwenye reki kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na mpige picha mkiwa mmesimama palepale kila mwisho wa mwezi. Picha hizo, pamoja na daftari la mabomba, ndizo za kupeleka NEMA na ofisi ya wadi mkidai bomba la maji taka. Mkienda na picha za siku ya usafi pekee, watawapongeza.